Morris Minor na Volkswagen: Tuzisome Tarakimu kwa Macho ya Visiwani

Hii ni hotuba iliyotolewa mjini Unguja mbele ya wenye magari ya zamani, mafundi, na vijana wanaojifunza ufundi wa magari. Inawekwa hapa kamili kwa ajili ya wale ambao hawakujaaliwa kuhudhuria.

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wetu, mafundi wenzangu, mabibi na mabwana wenye magari, na nyinyi vijana mliosimama nyuma kwa kukosa viti,

Nimeombwa nizungumzie magari mawili ambayo kila mmoja wetu hapa ama ameyapanda, ama ameyatengeneza, ama ameyasikia yakibishaniwa barazani: Morris Minor ya Uingereza, na Volkswagen ya Ujerumani, ile ya mgongo wa mviringo yenye injini nyuma. Swali ninaloulizwa kila mara ni moja tu: lipi bora? Nami nitalijibu, kwa sababu sikuja hapa kuwapatanisha wenye magari. Lakini kabla ya jibu nataka tukubaliane jambo moja. Karatasi ya sifa za gari, ile yenye ukubwa wa injini, nguvu za farasi na kasi, iliandikwa na watu waliolijaribu gari katika barabara za kwao. Haikuandikwa Makunduchi. Haikuandikwa Konde. Tukitaka itufae, kila tarakimu lazima tuiulize: wewe hapa kwetu, penye joto, penye chumvi, penye masika na vilima vya udongo, una kazi gani?

Nianze na kuzaliwa kwa magari haya, maana tabia ya gari huanzia mezani kwa aliyelichora.

Morris Minor ilibuniwa na mhandisi Alec Issigonis, yule yule aliyekuja kubuni Mini ya mwaka 1959. Iliundwa katika kiwanda cha Cowley, Oxford, na ikaonyeshwa kwa umma mjini London mwaka 1948. Inasimuliwa, na ushahidi wake tunao mikononi, kwamba gari likiwa limekaribia kabisa kuingia kiwandani, Issigonis alilitazama akaona ni jembamba mno. Akaamuru gari la majaribio lipasuliwe kati kwa kati, kutoka mbele hadi nyuma, na nusu zake zisogezwe mbali kidogo kidogo mpaka jicho lake litulie. Zilipoachana inchi 4, yaani kama sentimita 10, akaridhika. Mwenye Minor akirudi nyumbani leo na apitishe kiganja juu ya boneti: atakuta katikati pameinuka bamba linalotoka kwenye kioo hadi puani. Hapo ndipo zilipoingia inchi 4. Na kwa kuwa bampa zilikwisha kutengenezwa kwa upana wa zamani, magari ya mwanzo yalifungwa bampa zilizokatwa na kuungwa kipande katikati.

Je, inchi 4 hizo ni urembo? Hata kidogo. Magurudumu yaliyopanuliwa nafasi yake hulifanya gari lisiinamie kona, na hii ni sababu mojawapo ya Minor kukaa barabarani vizuri kuliko magari mengi ya rika lake. Nawaongezeeni jambo ambalo fundi atalipenda. Issigonis alikusudia gari hili liwe na injini ya silinda 4 zilizolala, mbili kulia na mbili kushoto, mfano wa zile za Volkswagen. Mpango huo uliachwa, lakini nafasi aliyoiacha kwa ajili yake ilibaki. Ndiyo maana ukifungua boneti ya Minor unaweza kuingiza mikono yote miwili na spana bila ya kuchubuka vidole.

Na Volkswagen? Hiyo ilichorwa na Ferdinand Porsche katika miaka ya 1930, chini ya utawala wa Hitler, na wananchi walioahidiwa gari hilo hawakulipata, kwa sababu vita vilikuja na kiwanda kikageuzwa kufanya kazi za jeshi. Mwaka 1945 kiwanda kilikuwa kimepigwa mabomu, nacho kikakabidhiwa kwa afisa wa jeshi la Uingereza, Meja Ivan Hirst. Yeye ndiye aliyekifufua, akapata oda ya magari kutoka kwa jeshi lake mwenyewe. Wenye viwanda wa Uingereza walipoletewa gari hilo walichunguze, walilitazama wakaliacha. Basi magari haya mawili tuliyozoea kuyapambanisha, la Mwingereza na la Mjerumani, yote mawili yamepita mikononi mwa Waingereza: moja walilibuni, na la pili walilifufua wasilitake.

Matokeo mnayajua. Minor ilikuwa gari la kwanza la Uingereza kufikia idadi ya milioni 1, mwanzoni mwa mwaka 1961, na ilipokoma mwanzoni mwa miaka ya 1970 zilikuwa zimeundwa zaidi ya milioni 1.6. Volkswagen, tarehe 17 Februari 1972, iliipita Ford Model T ya Marekani, iliyoshikilia rekodi ya gari lililoundwa kwa wingi zaidi, kwa zaidi ya milioni 15, nayo ikaendelea kuundwa mpaka Julai 2003, katika kiwanda cha Puebla, Mexico, ikiwa imevuka milioni 21. Tarakimu hizi si za kujisifia barazani. Gari lililoundwa hadi mwaka 2003 vipuri vyake bado vipo madukani, na mwenye gari la zamani kisiwani anajua thamani ya neno hilo.

Sasa tuje kwenye injini, na hapa nawaomba vijana mnisikilize kwa makini.

Tuchukue magari ya mwaka mmoja ili tusimwonee mtu: Minor 1000 ya mwaka 1963 na Volkswagen 1200 ya mwaka 1963. Minor ina injini ya cc 1,098 yenye nguvu za farasi 48. Volkswagen ina injini kubwa zaidi, cc 1,192, lakini nguvu zake ni farasi 34 tu. Mtu akiishia hapo atasema mashindano yamekwisha. Na kweli, kwa kukimbia, Minor inaongoza: kutoka kusimama hadi maili 60 kwa saa, yaani kilomita 96, hutumia kama sekunde 25, na Volkswagen hutumia karibu sekunde 30 au hata kuzidi. Mwendo wake wa mwisho ni kama kilomita 120 kwa saa, na wa Volkswagen ni 115.

Lakini nani kati yetu anakimbia kilomita 120 kwa saa kati ya Darajani na Mwera? Ipo tarakimu nyingine, ambayo wengi huiruka, nayo ni nguvu ya kuvuta, ule msukumo wa kuzungusha unaotoka kwenye krenki. Minor inatoa nyutoni-mita 81. Volkswagen inatoa 82. Ni sawasawa! Tofauti ya farasi 14 imetokana na mzunguko: injini ya Minor inafikia nguvu zake kwenye mizunguko 5,100 kwa dakika, na ya Volkswagen imebanwa kwa makusudi iishie 3,600. Porsche alitaka injini isiyochoka, inayoweza kukanyagwa mafuta mpaka chini siku nzima bila ya kudhurika. Na mvuto wake wa juu kabisa unapatikana mapema, kwenye mizunguko 2,000.

Tarakimu hiyo niliiona kwa macho yangu kisiwani Pemba. Tulikuwa katika msafara wa harusi, tumeshukia Mkoani, wakati wa masika. Mbele ilikuwa Minor, nyuma yake Volkswagen, kila moja imejaa watu na masanduku. Wenyeji wa Pemba mlio hapa hamhitaji kuelezwa vilima vyenu: si virefu, lakini vimesimama, na njia ya kuingia vijijini ni udongo mwekundu ambao ukiloa unateleza kama sabuni. Minor ilifika katikati ya kilima, mvuto ukapungua, dereva akataka kuteremka gia ya kwanza. Gia ya kwanza ya Minor haina sinkronaiza, kile kifaa kinacholinganisha mwendo wa gia ili ziingiane bila ya kulia; haikuwekewa hata katika magari ya mwisho. Gia ikalia, ikakataa, ikabidi asimame. Alipotaka kuondoka tena, matairi ya nyuma yakazunguka pale pale, kwa sababu uzito wa injini uko mbele na matairi yanayosukuma yako nyuma. Wanaume wakashuka, na kanzu zao za harusi, wakasukuma.

Volkswagen ikaja. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960 gia zake zote 4 zina sinkronaiza, kwa hiyo dereva aliteremsha gia ya kwanza gari likiwa bado linatembea. Injini yake inakaa juu ya matairi yale yale yanayosukuma. Ikapanda taratibu, bila ya haraka, mpaka juu. Nguvu za farasi 34 zilipita pale ambapo 48 zilikwama.

Hii ndiyo siri ya gari hili kufanya vizuri katika mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki, ambapo liliibuka na ushindi mwaka 1954, mwaka 1957, na tena mwaka 1962 likiendeshwa na Tommy Fjastad. Halikushinda kwa kasi. Lilishinda kwa kupita.

Kwa mafuta hayapishani sana, sitapoteza muda wenu.

Nije kwenye joto, na hapa nina masikitiko.

Minor inapozwa kwa maji, ina rejeta kama magari mengi. Volkswagen inapozwa kwa hewa: haina rejeta, haina pampu ya maji, haina mpira wa kupasuka. Watu husikia hivyo wakadhani gari hili halina matunzo. Ndugu zangu, ni kinyume chake! Ndani ya boma la mabati lililoifunika injini kuna feni kubwa, na feni hiyo imefungwa kwenye ekseli moja na dainamo. Mkanda mmoja unazungusha vyote viwili. Kwa hiyo taa nyekundu ya chaji ikiwaka kwenye Volkswagen inawezekana kabisa kuwa haikwambii habari ya betri. Inakwambia kwamba upepo umekatika.

Kijana mmoja aliachiwa gari na marehemu baba yake, Mwenyezi Mungu amrehemu, gari lililotunzwa kwa miaka na miaka. Siku moja alikuwa anakwenda Makunduchi, na alipopita Kitogani taa nyekundu ikawaka. Akawatuliza abiria wake kwamba ni chaji tu, betri ni mpya, watafika. Hawakufika. Gari lilianza kulegea, likawa zito, likazimika, na injini ikawa haizunguki tena. Nilipoifungua nikakuta mkanda umekatika vipande viwili na pistoni zimeshika ndani ya silinda. Mkanda wa bei ndogo ulikuwa ndani ya buti ya mbele, mpya, umefungwa kwenye karatasi yake. Marehemu aliuweka kwa ajili ya siku kama ile. Minor nayo mkanda ukikatika hukosa feni na pampu ya maji, lakini maji yaliyomo humpa dereva dakika chache na mvuke humpigia kelele. Volkswagen haipigi kelele. Ina ile taa tu.

Na yale mabati! Mafundi wenzangu, nakuombeni kwa dhati. Mara ngapi tumeteremsha injini ya Volkswagen, tukairudisha, na bati mbili tatu zikabaki chini kwa sababu bolti zake zilikatika? Mara ngapi ule mpira unaozunguka ukingo wa injini umetupwa kwa kudhaniwa ni wa kuzuia kelele? Mpira huo unatenganisha hewa ya baridi ya juu na hewa ya moto ya chini. Ukiutupa, feni inavuta joto lililokwisha kutoka na kulirudisha tena kwenye silinda. Ya kwanza kuumia ni silinda namba 3, kwa sababu katika injini za miaka ile kipoza oili kimesimama katika njia ya hewa yake, na valvu yake ya moshi ndiyo huungua kabla ya nyingine. Halafu tunasema gari la Mjerumani haliwezi joto la Zanzibar. Linaliweza, tukiliachia mabati yake, na tukibadilisha oili kwa wakati, maana oili yenyewe ni kama lita 2 na nusu tu, haina chujio la karatasi, ina la waya, na hiyo hiyo inafanya kazi ya kulainisha na ya kupoza.

Barabarani, nitasema kwa ufupi kwa kuwa mnajua. Usukani wa Minor, wa reki na pinioni, yaani gia ndogo inayosukuma chuma chenye meno, ni mwepesi na mkweli. Unahisi barabara viganjani, na katika kona za Dunga hakuna gari dogo la zama zile ninalolipenda zaidi. Volkswagen ina ekseli za nyuma zinazopinda kama mbawa: dereva akiingia kona kwa kasi kisha akaondoa mguu kwenye mafuta kwa ghafla, gurudumu la nyuma hujikunja kwa ndani na mkia ukataka kutangulia. Basi punguza mwendo kabla ya kona, si ndani yake. Minor nayo ina hatari yake: kila gurudumu la mbele linabebwa na kiungo chenye nyuzi kama za bolti kinachotaka grisi mara kwa mara. Kikikauka, nyuzi zinalika, na siku moja kiungo kinachomoka na gurudumu linajilaza chini ya fenda. Bomba la grisi ni rahisi kuliko fenda, na ni rahisi kuliko roho.

Mabibi na mabwana, nimefika kwenye jambo ambalo ndilo hasa lililonileta. Tarakimu zote nilizozitaja haziuwi magari yetu. Kinachoyaua ni kutu.

Upepo wa kaskazi na wa kusi wote hutujia kutoka baharini. Chumvi inaingia kila mahali, na gari linalolala Forodhani au Kizimkazi huanza kuliwa kutokea ndani. Fenda za magari yote mawili zimefungwa kwa bolti, kwa hiyo fenda mbovu isikutishe. Tizameni kiwiliwili.

Minor haina chesisi ya kutenganika. Bodi, sakafu na nguzo za chini zimechomelewa kuwa kitu kimoja, na nguvu yote imo katika visanduku vya bati vilivyofungwa: chini ya milango, na ule mkingamo unaopita chini ya miguu ya abiria wa mbele. Kwenye mkingamo huo ndipo vyuma vya springi za mbele, vile virefu vya kusokotwa, vinaposhikiza ncha zake za nyuma. Ukioza, springi zinakosa pa kushika.

Bwana mmoja aliniletea Minor aliyoinunua kwa rangi yake. Ilikuwa inang'aa, kijani kibichi, haina hata kovu. Nikatia jeki mahali pake, chini ya mlango, nikaanza kuzungusha. Jeki ikapanda, gari halikupanda. Jeki iliingia ndani ya gari kama inaingia kwenye boksi la karatasi, na puti, ule unga wa kuzibia mashimo ya bati kabla ya rangi, ikaanguka chini, bonge moja baada ya jingine. Mlango wa upande ule ulikwisha shuka kidole kizima chini ya mstari wake, naye muuzaji alikuwa ameurekebisha bawaba ili usionekane.

Je, Volkswagen haipati kutu? Inapata, tena sana. Betri yake inakaa chini ya kiti cha nyuma, juu ya sakafu, na tindikali ikimwagika pale hula bati mpaka uone barabara. Mifereji ya pembeni iliyowekwa kupitisha hewa ya moto ya hita, hita ambayo hapa Unguja hakuna aliyewahi kuihitaji, ndiyo hiyo hiyo inayobeba bodi, nayo huoza kimya kimya. Lakini kuna tofauti moja kubwa. Bodi ya Volkswagen imekaa juu ya sakafu yake na kufungwa kwa bolti ukingoni kote. Fungua bolti, watu wachache wenye nguvu wanainyanyua bodi, na sakafu inabaki chini, wazi, fundi anaikata nusu iliyooza na kuchomelea nyingine. Kwenye Minor, kazi hiyo hiyo inataka uliegemeze gari zima, uhakikishe halipindi, ndipo uanze kukata. Inawezekana, nimeiona ikifanywa vizuri, lakini inataka fundi aliyebobea na mwenye gari mwenye subira.

Kuhusu umeme, Minor imeshinda bila ya ubishi. Ina volti 12 tangu mwanzo. Volkswagen nyingi za kabla ya mwaka 1967 zina volti 6, na balbu ya wati 36 kwa volti 6 inavuta ampia 6, ilhali kwa volti 12 inavuta 3 tu. Kila kiungo cha waya kilichoota kutu ya kijani kinamuumiza maradufu mwenye volti 6. Ndiyo maana taa zake usiku zinakuwa kama zinasinzia. Safisheni viungo na waya wa kwenda bodi kabla ya kulaumu dainamo.

Na niseme neno kwa wenye Minor Traveller, ile yenye mbao nyuma. Mbao zile si pambo. Ndizo zinazobeba bati na paa. Nimeona moja ikirudishiwa fremu yake na fundi wa majahazi wa Nungwi, mtu ambaye hakuwahi kugusa gari, na maungio yake yalikuwa yamebana kuliko ya kiwandani. Ufundi huo tunao. Tuutumie.

Basi lipi bora? Kwa kuendesha, Minor, na atakayebisha alete Volkswagen yake tukutane kwenye kona za Dunga. Kwa kuishi nalo visiwani, miaka kwa miaka, juu ya chumvi na udongo, Volkswagen: linapita penye matope, halina rejeta ya kuvuja, vipuri vyake vinapatikana, na likioza linafunguka. Kijana anayenunua gari lake la kwanza la zamani, mwenye fedha kidogo na kiwanja cha wazi, namshauri Volkswagen. Aliye na Minor nzima chini, aliyoirithi au aliyoipata kwa bahati, asiiuze kwa mtu yeyote. Na asitie injini ya kisasa ya farasi 80 katika gari ambalo breki zake za ngoma zilipimwa kwa farasi 48.

Magari mawili yako nje, yamefunguliwa, na mafundi wamesimama nayo. Mwenye nia ya kununua Minor ajifunze kunyanyua zulia la mbele na kugonga mkingamo kwa mpini wa bisibisi, asikilize kama bati linalia au linajibu kama mbao. Mwenye nia ya Volkswagen anyanyue kiti cha nyuma, aitoe betri, atie mkono. Taa ya tochi ipo mezani.

Wabillahi tawfiq. Ahsanteni sana, na wassalamu alaykum.